Msipige Honi Masukulu

Kila mwaka vijana wawili watatu wa vyuo huletwa kwangu huku Rungwe, nje ya mji wa Tukuyu, kuniangalia, kama watu wanavyokwenda kuangalia ng'ombe mwenye miguu mitano. Swali lao la kwanza huwa lile lile: "Mzee, ulisoma chuo gani?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwa hiyo safari hii naliandika mara moja na liishe. Sikusoma chuo. Nilikifagia.

Darasa la saba nililimaliza Lufingo, kwa shida, na mwalimu wangu hakuwahi kunisikitikia. Lakini programu niliyoiandika kwa mkono wangu ilipanga malori ya majani ya chai kwa miaka mingi kuliko ndoa za baadhi yenu zitakavyodumu. Cheti sina. Nina kidole nusu kwenye mkono wa kushoto, na nitaanzia hapo, maana hicho ndicho kilichonifundisha kompyuta kabla sijaiona.

Nilikuwa mtu wa kupaka grisi mashine kwenye kiwanda cha chai. Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Mzee Gwakisa, mtu wa Masukulu, mfupi, mwenye sauti ya kuzidi ngoma za mashine. Siku moja majani yalinasa kwenye mashine ya kukatia, na mimi, kwa ujana, nikatia mkono ndani kuyatoa huku inazunguka. Mzee Gwakisa alinifunga damu kwa shati lake mwenyewe, akinitukana Kinyakyusa mwanzo hadi mwisho. Alipopoa akanipeleka mbele ya ile mashine.

"Ambwene, unaona nini hapa nje?"

"Wenzo, tata," nikamjibu, kwa neno letu la kumwita baba.

"Nani aliuweka?"

"Waliotengeneza mashine."

"Waliuweka wa pambo? Ukitaka isimame, unavuta wenzo. Ukitaka irudi nyuma, unausukuma. Tumboni mwake mna mambo yake, hayakuhusu. Wewe una wenzo. Sema na wenzo."

Miaka mingi baadaye nilimsikia mtu mwenye shahada tatu akitumia saa mbili kueleza jambo hilo hilo.

Kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji, tulikusanywa uwanjani tukasomewa majina. Siku hizo kila kitu cha serikali kilikuwa kinauzwa, na watu tulikuwa tunapunguzwa kama vichaka. Langu lilikuwemo. La Mzee Gwakisa halikuwemo, kwa sababu bila yeye hakuna aliyejua kuliwasha tanuri la kukaushia. Nikaenda Dar es Salaam kwa shemeji yangu aliyekuwa mlinzi wa chuo kikuu kimoja, sitakitaja, naye akanitafutia fagio.

Nilipangiwa chumba cha kompyuta. Humo ndani kulikuwa na baridi kuliko Tukuyu ya mwezi wa sita. Mashine zililelewa kwa ubaridi huku nje binadamu wanachemka. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta vumbi na kumwaga karatasi. Hizo karatasi ndizo zilizoniponza. Wanafunzi walikuwa wanachapa programu zao, zikikosewa wanazitupa, mimi naziokota nazisoma. Kiingereza changu kilikuwa cha vibao vya mashine: simama, washa, hatari. Lakini niliona kwamba maneno yale yanarudiarudia, na kwamba yamepangwa kwa ngazi, moja ndani ya lingine, kama vipuri kwenye kitabu cha fundi. Kitabu cha fundi nilikuwa nakijua.

Mwalimu wa somo lile alikuwa mama mmoja, Daktari Rehema, mwembamba, asiyecheka hovyo. Alinikuta nimeficha karatasi ndani ya ovaroli.

"Hizo za nini?"

"Za kufungia maandazi, mwalimu. Mke wangu anauza."

Akachomoa moja, akaona nimepigia mistari kwa penseli. "Na mkeo hupigia mistari maandazi yake?"

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hapa umeandika swali. Umeuliza kwa nini huyu ameingiza mkono ndani. Mkono gani?"

Nikamwonesha alipokuwa amekosea mwanafunzi: sehemu moja ya programu ilikuwa inakwenda kubadilisha namba zilizo ndani ya sehemu nyingine moja kwa moja, bila kupitia mlango. Sikuwa na jina la kosa hilo. Nikamwonesha kidole.

Akanirudishia karatasi. "Jumanne na Alhamisi, saa nne. Kaa nyuma. Ufagie kabla, si baada, vumbi linanikohoza."

Ndivyo nilivyoingia. Vijana waliniita Profesa Fagio. Mmoja, mtoto wa mkubwa fulani, alikuwa akiingia ananiambia, "Profesa, leo umetuandalia sakafu gani?" Namjibu, "Ile ile utakayoangukia kwenye mtihani." Alianguka kweli, lakini sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Sasa nisikilizeni, maana haya mnayasoma kwa majina makubwa halafu hamyatumii. Klasi ni kalibu ya tofali. Objekti ni tofali lenyewe. Kalibu moja, matofali elfu, na kila tofali lina ufa wake na mahali pake ukutani. Mtu asiyewahi kufyatua tofali huchukua mwezi kulielewa hilo. Mimi lilinichukua dakika moja, halafu nikahangaika wiki tatu na alama za nukta mkato, maana kompyuta haina huruma na nukta mkato.

Jambo la pili ni la kubuni. Daktari Rehema alikuwa hataki mtu aguse kompyuta kabla ya kuandika maelezo ya kazi kwa maneno ya kawaida. Ukishaandika, unapigia mstari majina ya vitu, hivyo huenda vikawa klasi zako. Unazungushia duara vitendo, hivyo huenda vikawa kazi za hizo klasi. Halafu unamtafuta yule anayefanya kila kitu. "Kwenye kila mchoro mbaya," alikuwa akisema, "kuna bwana mkubwa mmoja anayejua yote na wengine wote ni mizigo yake. Mkimwona, mgawanyieni watu kazi zake."

Siku moja alitaka mteja wa mazoezi. Akaniita mbele na fagio langu. "Huyu ana kiwanda cha chai. Mhojini, mchore." Nikawaeleza: tuna mabanda ya kupimia majani, Ikuti, Masukulu na Lufingo. Tuna malori mawili. Akina mama wanachuma asubuhi, majani mawili na kichipukizi, wanapima bandani, lori linabeba. Yakikaa kwenye magunia yanajipika yenyewe, yanakuwa mekundu, hayafai hata kwa mbuzi. Kwa hiyo shida yote ni lori gani liende wapi kwanza.

Walichora. Walichora lori lenye akili kuliko dereva. Tulicheka, tukafuta, tukachora tena. Mwishoni Daktari Rehema akaniuliza swali moja tu.

"Kuna siku lori haliendi bandani?"

"Jumapili," nikasema.

"Nyingine?"

Nikafikiri. "Hakuna."

Liwekeni hilo akilini. Nilijibu kwa uaminifu wangu wote.

Aliyenirudisha nyumbani ni Mzee Gwakisa. Meneja mpya, Bwana Festo, mtu wa Iringa, alikuwa amenunua kompyuta moja ikawekwa ofisini na kufunikwa kitambaa. Majani yalikuwa yanaharibika kila wiki, malori yanapishana barabarani, na Bwana Festo akawa anauliza wenye shahada, nao wanamwambia wanataka kuishi mjini. Mzee Gwakisa, aliyekuwa anakaribia kustaafu, akamwambia: "Kuna mtu wetu yuko Dar, anajua hiyo kitu. Akishindwa, nikateni mimi mshahara." Akaniandikia barua, mwandiko kama nyayo za kuku. Nikaja.

Bwana Festo alinitazama kidole, akatazama viatu. "Mwezi mmoja. Ukishindwa unarudi kwenye grisi."

Nilikuwa na mambo mawili mikononi, kazi yangu na jina la mzee. Kwa hiyo nilijifungia. Nilikuwa naingia ofisini alfajiri natoka jioni. Mzee Gwakisa alikwisha kustaafu wakati huo, yuko kwake Masukulu, kifua kinamsumbua. Kila nilipopata salamu zake nilijibu: "Mwambieni nakuja kazi ikiisha."

Nitasema ukweli juu ya programu ile ya kwanza. Ilikuwa na bwana mkubwa. Baada ya kumsikiliza Daktari Rehema miaka miwili, nilikwenda nikatengeneza klasi moja niliyoiita Mpangaji, ndefu kama mkeka, na ilijua kila kitu. Ilichukua kilo za wiki zilizopita, ikachukua mvua, ikajumlisha, ikasema: Masukulu kuna majani mengi leo, lori la kwanza liende Masukulu. Ikuti lori la pili. Lufingo isubiri mzunguko. Yale mabanda yenyewe hayakuwa na la kusema. Yalikuwa namba tu ndani ya tumbo la Mpangaji. Kwa nini nilifanya vile? Kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu nilijiona. Niliyajua mabanda yale tangu utotoni, niyaulize nini?

Wiki ya pili niliiwasha, nayo ikafanya kazi vizuri ajabu. Bwana Festo alianza kuniita kwa jina.

Jumatano ya wiki ya tatu, jioni, nikiwa natafuta kosa dogo kwenye kipengele cha mvua, mwanamke mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa Tumpe, mke wa mpwa wake Mzee Gwakisa. Akanisalimia, "Tata, ugonile. Kuna habari kutoka nyumbani." Mimi bila kugeuza shingo nikanyoosha mkono, huu huu wenye kidole nusu, nikasema, "Kesho, mama, kesho. Nina kazi." Akasimama kidogo. Halafu sikumsikia tena.

Asubuhi programu ikatoa mpango kama kawaida. Masukulu kwanza. Dereva alikuwa Lusajo, akachukua karatasi akaondoka.

Mnajua desturi ya malori ya majani. Ukifika kona ya mwisho kabla ya banda unapiga honi, ndefu, mara tatu, ili walioko mbali mashambani wabebe vikapu wakimbie. Honi ya Lusajo ilikuwa inasikika mpaka mlima wa pili.

Saa nne alirudi. Lori tupu. Aliingia ofisini bila kubisha, kofia mkononi.

"Nani alipanga niende Masukulu?"

"Kompyuta. Kwani vipi? Hawajachuma?"

"Hawajachuma! Bwana wewe, hawajachuma, eti! Nimepiga honi mara tatu katikati ya sala, jeneza liko mlangoni, watu wote wa kijiji wamekaa chini, wamegeuka wananiangalia. Umenituma nikapige honi kwenye maziko ya Mzee Gwakisa."

"Gwakisa yupi?"

"Wewe unamjua mwingine?"

Vijana, kwetu mtu akifariki, siku ya maziko jembe halishikwi. Hakuna anayechuma chai, hakuna anayekata mgomba, jirani wote wako pale, wanaume upande wao, wanawake upande wao, na asiyeonekana ataulizwa miaka kumi. Hilo kila mtoto wa Rungwe analijua. Ndiyo sababu Daktari Rehema aliponiuliza siku ambayo lori haliendi, halikunijia. Mtu haelezi hewa anayovuta. Angekuwepo mtu wa kutoka mbali mle darasani, aliyewahi kukuta kijiji kizima kimesimama, angelisema yeye. Mimi wa hapa hapa sikulisema.

Nilimwomba Lusajo anipeleke. Akasema, "Lori hili halirudi kule leo, hata unipe nini." Nikaazima baiskeli.

Nilifika wameshafukia. Nilikaa kwa wanaume, mwisho kabisa, na hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Kaka mkubwa wa marehemu alikuja akasimama mbele yangu.

"Ulitumiwa mtu jana."

"Ndiyo, tata."

"Ukasema kesho."

"Ndiyo."

"Ndiyo kesho yenyewe hii." Akatazama mkono wangu. "Alikuwa akisema kidole chako ndicho cheti chako. Alikuwa akijivunia wewe. Alikufundisha mashine yote, kuuliza tu hakukufundisha?"

Mjane aliniletea ugali mwenyewe. Akasema kwa upole, "Honi tuliisikia. Tukasema, lori limekuja kumchukua aende kazini." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kumbe hayo hayakuwa mwisho. Siku ile ile Lufingo walikuwa wamechuma tangu alfajiri, wamejaza banda, na lori ambalo lingewawahi lilikuwa Masukulu likipiga honi; liliporudi, mimi nikaondoka na baiskeli bila kulipangia safari. Kesho yake Mama Sekela, mwenyekiti wa banda la Lufingo, aliingia ofisini na kikapu kichwani, Bwana Festo akiwepo. Akakitua juu ya kibodi. Majani yalikuwa mekundu, yana joto, yananuka kama nguo zilizolowekwa zikasahaulika.

"Shikamoo kompyuta," akasema. "Nimekuletea chai. Kunywa."

Bwana Festo akasema, "Mama, yameisha hayo. Leo hii naizima." Akanigeukia. "Grisi iko pale pale."

Sikumlaumu. Nilikuwa nimekwisha kusimama. Lakini Mama Sekela hakuwa amemaliza.

"Unaizima, halafu? Utarudi kupanga wewe kwa kubahatisha? Wewe ulituachia majani kila wiki, huyu katuachia mara moja." Akanipiga jicho. "Wewe mtoto wa Lufingo. Hii mashine yako, kabla ya kutuma lori, imewahi kumuuliza mtu?"

"Hapana, mama."

"Basi ifundishe kuuliza. Niulizwe mimi. Nitajua kama tunachuma, nitajua kama kuna msiba, nitajua kama daraja limekatika. Iniulize, nitaijibu. Isiponiuliza, kikapu kingine naleta, na hicho nakimimina ndani."

Bwana Festo alinipa siku zilizobaki za mwezi. Nilikuwa nazo tisa.

Nikamvunja Mpangaji. Nilifanya nilichofundishwa na watu wawili na kukipuuza mara mbili. Nikatengeneza klasi ya Banda, na kila banda likawa objekti yake, na kilicho tumboni mwake ni chake: kilo zake, karani wake, misiba yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuingiza mkono. Nje nikaweka wenzo mmoja: swali. *Mnachuma leo?* Mpangaji akabaki mdogo, kazi yake kuuliza na kusikiliza. Na majibu sikuweka mawili. Hapa ndipo mnapokosea wote, mnaweka ndiyo na hapana tu. Niliweka matatu: ndiyo, hapana na sijui. Banda likisema sijui, au jibu lisipofika, lori linakwenda mwisho, na linakwenda kimya, bila honi.

Jibu lenyewe lilikuwa linafika kwa karatasi. Karani wa banda anaiandika jioni anampa dereva. Jambo likitokea baadaye, mtu wa baiskeli analeta nyingine kabla lori halijatoka. Mitandao ya simu ilipofika wakapiga simu. Programu haikuhitaji kubadilishwa chochote, maana haikujali jibu limepitia wapi. Huo ndio uzuri wa wenzo.

Siku ya tisa ilipita. Bwana Festo hakusema kitu. Alitoa kile kitambaa cha kufunikia kompyuta akawapa wafagiaji.

Miaka imekwenda. Nimestaafu, macho yamechoka, mgongo umechoka, na hata kusimulia kunanichosha. Mwaka jana vijana watatu wenye shahada waliletwa kuandika programu mpya, nzuri, yenye ramani na picha za kutoka angani. Walifungua ya kwangu wakacheka kidogo, kwa heshima. Binti mmoja, mwerevu, akaniuliza:

"Babu, hili swali la kila asubuhi la nini? Tuna takwimu za miaka yote. Tunaweza kubashiri."

"Hata mimi niliweza," nikamwambia.

"Na hii sijui? Kwenye mfumo wetu tumeitoa. Inachelewesha malori."

Nikamsimulia haya niliyowasimulia ninyi. Wenzake walikuwa wanatazama saa. Yeye alisikiliza, akaandika kitu kwenye daftari, lakini sikuomba kukiona. Sijui kama waliirudisha. Nimechoka kufuatilia, na si kazi yangu tena.

Nina ombi moja tu, na naliandika ili asije mtu akasema hakusikia. Kwangu sasa ni hapa hapa Masukulu. Nilinunua kiwanja karibu na mjane wa Mzee Gwakisa, na chai yangu inapimwa banda lile lile. Siku yangu itakapofika, watu watakaa chini na majani yatabaki mashambani. Hakikisheni asubuhi hiyo kuna mtu ameulizwa. Na kama hamkupata jibu, lori lipite polepole pale konani, msipige honi.